Kichwa Alichokinyoa Mwenyewe

Siku hizi ukimwita mjomba wangu Jicho, hageuki. Ataendelea kupuliza nywele zilizonasa kwenye meno ya mashine, na ukirudia atasema taratibu, "Niite fundi. Inatosha." Wageni hudhani anaringa. Sisi tunaojua hutazama sakafu, kwa sababu jina hilo alijipa mwenyewe, na tulikuwepo lilipomvuka kama nguo.

Kibanda chake cha kunyolea ni chumba kimoja chenye mlango mpana unaofunguka barabarani. Kuna viti viwili vya kuzunguka. Kimoja kizima, kingine kimefungwa mpira wa baiskeli ili mgongo usidondoke. Mbele ya viti kuna kioo kilichotanda ukuta mzima, na juu yake ubao wa vichwa vya kuchora, kila kichwa na mtindo wake. Upande wa pili kuna benchi la wasionyolewa, maana kibanda cha kinyozi hakikosi watu waliokuja kukaa tu. Mkuu wa benchi ni mzee mmoja tunayemwita Mstaafu, ambaye husoma gazeti la mwenzake kwa sauti na kulitukana kama vile amelinunua yeye.

Kinyozi husimama akiupa mlango mgongo. Dunia ya nje huiona kwenye kioo, ikipita vipande vipande juu ya bega la mteja. Hivyo ndivyo mjomba alivyoishi tangu ujanani: kichwa cha mtu chini ya kidevu chake, barabara ndani ya kioo. Na vichwa alivijua. Mtu aliyepotea muda mrefu akirudi, mjomba alimpapasa kisogo na kusema, "Wewe umenyolewa kwingine. Na aliyekunyoa alishika mashine kama anapiga pasi." Benchi likacheka, mteja akakiri kama mume aliyefumaniwa. Kulikuwa na mapacha ambao hata mwalimu wao aliwachanganya. Mjomba aliwatofautisha kwa namna nywele zao zilivyozunguka utosini.

"Mimi nikishamtazama mtu, simsahau," alikuwa akisema. "Hili si jicho, hii ni kamera."

Ndipo jina likazaliwa.

Mlango wa jirani kuna dada anayeuza simu. Alasiri moja aliingia mtu akaulizia chaja, na dada alipoinama kuitafuta, yule mtu akavuta mfuko wa simu uliokuwa juu ya meza. Dada aliung'ang'ania. Akasukumwa, akaangukia ngazi ya mlangoni, mkono ukavunjika kwenye kifundo. Mwizi akatimua mbio kupita mbele ya kibanda cha mjomba. Mjomba alikuwa anamnyoa Mstaafu ndevu, na Mstaafu alikuwa amefumba macho akiogopa povu. Dada mwenyewe alikumbuka kofia tu, na wa benchi walitoka wakakuta vumbi. Kwa hiyo aliyemwona mwizi ni mmoja tu.

"Nilimwona kwenye kioo," mjomba aliniambia niliporudi likizo kutoka chuoni, na kwa jinsi alivyosimulia nilijua ameshasimulia mara nyingi. "Kofia ya sufu imezama mpaka masikioni. Anakimbia kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Ni kufumba na kufumbua tu, mpwa wangu. Lakini mimi hapo panatosha."

Askari mpelelezi alikuja baadaye na karatasi pana iliyobandikwa picha za watu, kila mtu mara mbili, kwa mbele na kwa ubavuni. Akailaza kwenye kiti chenye mpira wa baiskeli. Benchi zima likasimama. Mjomba akafuta mikono, akainama, na kabla askari hajamaliza maelekezo, kidole kikashuka.

"Huyu hapa."

"Una uhakika, fundi?"

"Afande, siku nikisahau kichwa, njoo ufunge hiki kibanda."

Wakapiga makofi. Askari akaitafuta namba ya picha kwenye daftari lake: alikuwa muuza mikate, yule anayepita na baiskeli kila asubuhi. Mjomba akapiga paja. "Kumbe ni mteja wangu. Namnyoa miaka yote. Ndiyo maana nimemjua."

Wote wakaitikia: ndiyo maana. Hakuna aliyeuliza, ndiyo maana ya nini.

Na picha ya muuza mikate ilifikaje pale? Nitaeleza, kwa sababu nikilinyamazia nitapasuka. Alikamatwa siku moja na wachuuzi wenzake kwa kusimamisha baiskeli mahali pasiporuhusiwa. Wakawekwa ukutani, wakapigwa picha, wakaachiwa. Mtu mwenye duka la vioo hapigwi picha hata akiuza mkate wenye ukungu. Anayeuza mkate juu ya tairi hupigwa, na picha yake huwekwa ikimngojea mwizi atakayefanana naye. Sheria ina kumbukumbu nzuri sana ya sura za maskini. Wanaokosa kumbukumbu hiyo ni sisi tunaokula mkate wao.

Basi muuza mikate alichukuliwa akiwa na unga kwenye viganja, akawekwa mahabusu.

Asubuhi ya kwanza ya likizo yangu nilikuwa kwenye benchi wakati baiskeli iliposimama mlangoni. Aliyeiendesha alikuwa mwanamke. Hakuwa ameizoea, aliikumbatia kama mbuzi anayetaka kukimbia. Akaingia na kikapu.

"Mikate."

Mjomba akachagua miwili, akiikagua kuliko mkate unavyostahili kukaguliwa. "Asante, mama."

"Karibu, fundi. Jicho linaendeleaje?"

"Linaendelea."

"Lisiugue tu. Wengine tunalitegemea."

Akatoka. Mstaafu alifungua gazeti upande ambao alikwisha kuusoma. Nikamuuliza mjomba yule ni nani.

"Mke wa yule mwizi."

"Na bado mnanunua mkate kwake?"

"Mkate umekosa nini?" akasema Mstaafu, na benchi likacheka, lakini kicheko kilikatika njiani kama mashine ikikosa umeme.

Wakati huo mwalimu wangu chuoni alikuwa na utafiti juu ya macho na kumbukumbu ya picha. Alitaka watu wa kazi mbalimbali: madereva, mafundi cherehani, wauza nguo, vinyozi. Nilimpa habari za mjomba, na mjomba hakuhitaji kubembelezwa. Alivaa shati la harusini, akajipaka mafuta, na njiani kila aliyemsalimia aliambiwa, "Nakwenda chuoni, wasomi wananiita."

Chumba kilikuwa kidogo, mapazia yameshushwa. Kulikuwa na kompyuta, na chini ya kioo chake kamera nyembamba inayofuata mboni za macho. Mtu huweka kidevu juu ya kibao ili asitikisike. Mjomba alikaa, akamtazama mwalimu, akasema, "Samahani, mwalimu. Huku kulia wamekunyoa juu zaidi kuliko kushoto." Mwalimu akashika sikio. Nikajua mjomba yuko nyumbani.

Picha za watu zilipita, moja baada ya nyingine. Kisha akapewa chai. Kisha zikapita tena, zimechanganywa na picha mpya, naye akabonyeza kitufe kila alipoona mtu aliyekwisha kumwona. Kwa wale waliokuwa kichwa wazi, hakukosea ila mara chache mno. Mwalimu mwenyewe aliinua nyusi. Lakini baadhi ya watu walikuwa wamevaa kofia au wamejitanda vitambaa. Kwa hao, mjomba alibahatisha kama mtu anayepiga kura usiku wa giza.

"Tuone macho yako yalipita wapi," mwalimu akasema.

Akaleta picha ya kwanza, na juu yake nukta nyekundu. Alieleza kwamba jicho haliteremki juu ya picha kama maji juu ya ukuta. Linaruka na kutua, linaruka na kutua, kama kuku anayedonoa. Pale linapotua, akili huchota. Pale lisipotua, mtu anaweza kuapa ameona, na kumbe amebeba kidogo sana. Na mara nyingi ukimrudishia mtu picha aliyoiona, macho hupita tena njia zake za mwanzo, kama mguu unavyojua njia ya kwenda nyumbani hata kichwa kikiwa na mawazo mengine.

Mjomba akasogea. Nukta zilianzia juu ya sikio, zikazunguka mstari wa nywele kwenye paji, zikashuka upande wa pili hadi shingoni. Ndani ya duara hilo, penye macho, pua na mdomo, palikuwa peupe.

"Mbona mmewavisha watu shanga?"

"Ndivyo ulivyowatazama, mzee."

"Nimemtazama mtu mzima."

"Ulimzunguka," mwalimu akasema kwa upole. "Hapa katikati hukufika."

Mjomba akacheka. Wakaletwa waliovaa kofia. Hapo nukta zilihangaika kwenye ukingo wa kofia, huku na huku, kama kuku waliofungiwa nje ya banda. Niliona kicheko kikimtoka mjomba usoni polepole. Akainua mkono wake akaushusha sikioni, kama anayevuta kofia.

"Mpwa wangu."

"Naam, mjomba."

"Yule mtu alikuwa na kofia."

"Ndiyo. Ulisema."

"Imezama mpaka masikioni."

"Ndiyo."

"Sasa mimi nilitambua nini?"

Mwalimu akaizima kompyuta. Mjomba akashukuru kwa chai, akainuka, akatafuta mlango upande ambao haukuwa na mlango. Tulirudi hadi karibu na nyumbani. Hapo akasimama kando ya barabara, akageukia ukuta wa nyumba moja kana kwamba anausoma.

"Nilitambua kazi yangu," akasema. "Ile picha ya ubavuni. Ukingo nyuma ya sikio, ni mimi ninayeukata vile. Nilijiona mwenyewe, nikasema ni mwizi."

Nilidhani tungekwenda kituo cha polisi saa ile ile. Ndivyo nilivyo: nikiona jambo liko wazi, nadhani miguu itafuata. Mjomba aliingia ndani, akavua shati la harusini, akalala mchana.

Kesho yake alifungua kibanda, akanunua mkate kwa yule mama, akasema asante. Kesho kutwa vivyo hivyo. Nilimngoja amalize mteja nikamvuta pembeni.

"Mjomba, mtu yuko ndani."

"Najua yuko ndani."

"Basi twende."

"Twende wapi? Nikasemeje? Kwamba Jicho ni kipofu?"

"Ukaseme ukweli."

"Nyinyi wasomi mnadhani ukweli ni kama shati, mtu anavaa anatoka. Yule dada ana mkono kwenye plasta. Kila akiniona ananiambia, kaka, Mungu akulipe. Nikigeuza, atasema nimehongwa. Na hawa wa benchi watasema nini? Mimi sina shule, sina shamba. Nina jicho tu."

"Na aliye ndani ana nini?"

Alirudi kwenye kiti akamkung'uta nywele mteja ambaye hata hakuwa ameanza kunyolewa.

Nilimsema kwa ukali, siku hiyo na zilizofuata, hadi mkaza mjomba akaniambia niache. "Unampigia ngoma mtu ambaye tayari anacheza," alisema. Yeye alikuwa na njia yake. Wakati wa chai aliuweka mkate mzima mezani mbele ya mumewe, na kisu kando yake.

"Hukati?" mjomba akauliza.

"Kata mwenyewe. Mimi huo haunishuki."

Mjomba alikunywa chai kavu. Mkate ukabaki pale hadi ukakauka, na hakuna aliyethubutu kuutupa.

Akaanza kukonda. Aliwapitisha wateja haraka, akiwasemesha kidogo. Nilimwona akijaribu kumtazama mtu usoni kwenye kioo, lakini macho yakaponyoka na kukimbilia sikioni, kama mtoto aliyezoea kujificha nyuma ya mama yake. Aibu ilimkaa hata kwenye mkono: alimkata mteja shavuni, jambo ambalo Mstaafu alisema hajawahi kuliona tangu akiwa na meno yote.

Kisha ikaja asubuhi ambayo yule mama aliuza mikate yake na hakutoka. Mjomba alikuwa katikati ya kichwa cha fundi bomba mmoja. Upande mmoja umekwisha, upande mwingine bado kichaka.

"Fundi, nina swali. Si la ugomvi."

"Uliza, mama."

"Umemnyoa mume wangu tangu sijaolewa naye. Eti ana alama gani usoni?"

Mjomba alitazama kwenye kioo, kana kwamba uso wa muuza mikate ulibaki humo. Mashine ilikuwa inanguruma hewani.

"Ana kovu dogo nyuma ya sikio la kulia," akasema.

"Hilo hata mimi mkewe silijui. Nimeuliza usoni."

"Kisogoni kuna mahali nywele hazikai..."

"Usoni, fundi."

Mstaafu aliliteremsha gazeti. Mjomba akaishusha mashine.

"Sijui, mama."

"Ana baka la kuzaliwa chini ya jicho la kushoto. Kama tone la chai. Binti yetu alipokuwa mdogo alikuwa analipangusa kwa kidole akidhani ni uchafu." Akachukua kikapu. "Basi. Nilitaka kujua tu."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alitoka, tukasikia akihangaika na ile baiskeli, na hakuna mwanamume kati yetu aliyekuwa na uso wa kwenda kumshikia.

Mjomba alizima mashine.

"Ndugu yangu, nisamehe," alimwambia fundi bomba. "Nina safari."

"Safari gani? Na mimi je?"

"Naenda kituoni."

Fundi bomba alijitazama kwenye kioo, nusu mtu nusu kichaka. "Basi tunakwenda wote. Kichwa changu kiko kwako."

Ndivyo tulivyokwenda: mjomba mbele, mimi nyuma yake, na fundi bomba na kitambaa cha kunyolea shingoni, amejifunika kichwa kwa gazeti la Mstaafu. Watu walitoka milangoni. Siku nyingine mjomba angekuwa na maneno kwa kila mlango. Siku hiyo alitazama ardhi njia nzima.

Askari mpelelezi alisikiliza akiwa anachokonoa meno.

"Fundi, wewe si ndiye uliyeniambia nifunge kibanda?"

"Ni mimi, afande. Kifunge ukitaka. Lakini yule mtu sikumwona."

"Ulisema una uhakika."

"Nilikuwa nao. Haukuwa wa kweli."

"Unajua kugeuza maelezo kunaweza kukuingiza matatani?"

"Kuniingize."

Nikasimama. Nilikuwa na hotuba nzima kifuani, kuhusu zile picha, kuhusu baiskeli na ukuta, kuhusu askari anayefurahia kidole kinachoshuka haraka kwa sababu kinampunguzia kazi. Mjomba alinishika mkono akanikalisha.

"Nyamaza, mpwa wangu. Aibu hii ni yangu. Usinisaidie kuibeba, utaiangusha."

Maelezo mapya yakaandikwa, kwa kuvutana. Fundi bomba alisubiri kwenye korido hadi mwisho, na askari wawili walimuuliza ameshtakiwa kwa kosa gani.

Mahakamani ilikuwa mbaya zaidi. Watu walijaa, benchi letu lote lilihamia huko. Muuza mikate alikuwa kizimbani, lakini mjomba hakuinua macho kule hata mara moja. Alijibu maswali akiangalia viatu vyake.

"Kwa hiyo ulimwona mshtakiwa akikimbia, au hukumwona?" hakimu aliuliza.

"Niliona mtu mwenye kofia, mheshimiwa."

"Na kwenye picha ulimwona nani?"

"Niliona nywele nilizozinyoa mimi."

Ukumbi ulicheka hadi karani akagonga meza. Nilitazama shingo ya mjomba, jinsi ilivyozama mabegani. Mtu aliyechekesha watu maisha yake yote, na siku ile kicheko kilikuwa kinamchinja. Kisha dada muuza simu akasimama, mkono umefungwa kifuani.

"Kaka, amekulipa nini?"

Akakalishwa. Aliyemvunja mkono yule dada hajapatikana. Kila dada akipita mbele ya kibanda, hugeuza uso upande wa pili, na ana haki.

Ushahidi ulikuwa ule mmoja tu, na ulipokwisha, kesi ikaisha. Muuza mikate aliachiwa. Alitoka na mkewe kupitia mlango wa nyuma. Mjomba alijua ametoka kwa kusikia watu wakisema.

Mjomba alikifunga kibanda kwa siku chache. Alipokifungua, ule ubao wa vichwa haukuwepo juu ya kioo. Benchi lilirudi, kwa sababu benchi halina pengine pa kwenda, lakini lilirudi limevaa kofia. Wote. Mstaafu ameivuta ya kwake hadi kwenye nyusi.

"Mwenzako akinyolewa, zako tia maji," alisema. "Sisi tumeona tuzifiche kabisa. Haya, fundi, mimi ni nani?"

"Wewe ni mzee usiyenunua gazeti," mjomba akasema. Wakacheka, naye akajaribu kucheka, akashindwa. Wakazivua kofia kimyakimya.

Ilikuwa siku za mwisho za likizo yangu. Nilikuwa nafagia nywele. Mtu akaingia, akaketi kwenye kiti kizima bila kusalimia. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kipara, na kimenyolewa vibaya, kwa wembe butu, kina mikwaruzo iliyokauka. Mjomba akaja nyuma yake na kitambaa, na nikaona macho yake kwenye kioo yakienda kule kule: sikio, utosi, kisogo.

"Karibu, ndugu. Aliyekunyoa mlikuwa na ugomvi?" Alikuwa anajaribu ile sauti yake ya zamani. "Hapa sina cha kukusaidia. Labda nikupake dawa. Rudi zikiota."

Yule mtu alimtazama kwenye kioo.

"Hunijui, fundi."

Halikuwa swali. Kitambaa kilibaki hewani. Kwenye kioo niliyaona macho ya mjomba yakiteremka, kutoka kwenye mstari wa nywele ambazo hazikuwepo, kupita paji, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa kila hatua kwa mguu. Yakafika kwenye jicho. Yakafika chini ya jicho. Baka lilikuwepo pale, kama tone la chai.

Wanawanyoa wote, mahabusu. Kinyozi alipaswa kulijua hilo kuliko sisi.

Mjomba alikizungusha kiti hadi kikakipa kioo mgongo, akabaki amesimama ana kwa ana na mtu aliyemnyoa kwa miaka. Sidhani waliwahi kuwa hivyo.

"Nakuona," mjomba akasema.

"Sasa."

"Ndiyo. Sasa."

"Mimi uso wako naujua," muuza mikate alisema. "Mtu akinyolewa hana kazi nyingine ila kukutazama kwenye kioo. Una jino limekatika pembeni, juu, kushoto. Ukicheka unalifunika kwa mdomo. Ukiwa na mawazo unalitafuta kwa ulimi. Nilipokuwa ndani nilikuwa nauona uso wako vizuri kuliko wa mke wangu."

Mjomba alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Ndugu yangu, nilitaka kuja kwako, nisemeje..."

"Sikuja kwa hilo. Maneno umeshayasema mahakamani, nimeyasikia. Nimekuja unitazame, basi. Siku nyingine nikipita ujue ni mimi."

Akakaa, akatazamwa. Barabarani watu walipita na mizigo yao. Mstaafu alikuwa ameshika gazeti juu chini bila kujua. Kisha muuza mikate akainuka, akakivuta kitambaa begani, akakikunja vizuri, akakilaza juu ya kiti, akatoka. Mjomba alibaki mbele ya kile kiti, mkono bado uko mdomoni.

Mikate haiji tena kibandani. Muuza mikate husimamisha baiskeli upande wa pili wa barabara, mbele ya duka la misumari, na hapigi kengele akifika kwetu. Mjomba humngoja. Akimwona humwacha mteja kitini, huvuka na mashine mkononi, husimama kwenye foleni nyuma ya wanunuzi wengine, na zamu yake ikifika humtazama muuza mikate usoni na kumsalimia.

Siku nyingine huitikiwa.